Benki ya Chumba cha Uani

(Mhadhara uliotolewa jioni huko Sinza, Dar es Salaam, na kuchapishwa hapa baada ya marekebisho machache)



Aliyenialika kuzungumzia kodi ya nyumba hapa Sinza aliniuliza kwenye simu: "Mwalimu, utakuja kama mpangaji au kama mwenye nyumba?" Nilicheka, kisha nikakosa jibu. Nimepanga katika jiji hili miaka ishirini na mmoja, kuanzia 1988, nyumba saba. Tangu 2009 nina nyumba yangu, na uani kuna vyumba vitatu ninavyopangisha. Kwa hiyo leo nitawasema wapangaji, nitawasema wenye nyumba, na pote nimo.

Tuanze na neno lenyewe. Kodi, katika lugha yetu, inabeba mizigo miwili. Unalipa kodi kwa Mamlaka ya Mapato, unalipa kodi kwa baba mwenye nyumba. Mgeni anayejifunza Kiswahili hukwama hapo. Mtu wa Sinza hakwami. Anajua kwamba wote wawili huja kuchukua na wote wawili hawapendi kusubiri. Mwaka 2021 mizigo hiyo ilikutana kwenye kifaa kimoja, pale kodi ya jengo ilipoanza kukatwa kupitia LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye 1,500. Kodi ni ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji. Tukaambiwa kwamba mpangaji atakayekatwa amdai mwenye nyumba wake. Naomba anyooshe mkono mpangaji aliyewahi kumgongea mwenye nyumba wake kumdai ile elfu moja.

(Kicheko. Hakuna mkono.)

Basi tumeelewana tunazungumza habari za nani na nani.

Ukitembea Sinza, kuanzia Kijiweni hadi Mori, kutoka Madukani hadi kule Kwa Remmy, kituo kilichobaki na jina la marehemu mwanamuziki Remmy Ongala, ukamwuliza mtu yeyote chumba ni bei gani, atakutajia bei ya mwezi. Chumba kimoja kiasi fulani, chumba na sebule kiasi fulani, "masta" yenye choo chake kiasi fulani, apatimenti ya vyumba viwili na geti lake kiasi kingine kabisa. Bei hizo zinapanda kadiri unavyokaribia lami na kushuka unavyoingia vichochoroni. Magazeti nayo huandika hivyohivyo, kwa mwezi. Mimi nasema bei hiyo ya mwezi ni hadithi tu. Karibu hakuna anayeilipa. Ni nadra kukutana na kijana anayehamia Sinza aliyeambiwa, "Lete ya mwezi huu, karibu."

Nipeni dakika chache za hesabu. Nilifundisha jiografia, lakini hesabu hizi ni za darasa la tano.

Tumchukue kijana aliyeajiriwa serikalini kwa kima cha chini. Tangu Julai 2025 kima hicho ni shilingi 500,000 kwa mwezi, kutoka 370,000. Ondoa mchango wa pensheni asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, na kodi ya mapato. Mkononi haifiki 450,000. Ameona chumba na sebule kwa 150,000. Hiyo ni kama theluthi ya anachopokea. Inauma, lakini mtu anaishi.

Sasa aende kulipa. Mwenye nyumba anataka miezi sita: 900,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja: 150,000. Kabla ya hapo alizungushwa kuona vyumba vinne asivyovipenda, kimoja kikiwa na dirisha linalotazama ukuta wa jirani, kingine kikinuka shimo la choo, na kila safari alimpa dalali 10,000 ya usumbufu: 40,000. Jumla 1,090,000. Bado hajanunua pazia, bado hajalipa kirikuu cha kuhamisha kitanda. Karibu mishahara miwili na nusu imeondoka kwa siku moja, tena kwa mtu ambaye huenda mshahara wake wa kwanza bado haujaingia.

Anaitoa wapi? Mwenye bahati ana zamu yake ya upatu mwezi huo. Mwingine ana kikoba. Mwingine ana kaka. Asiye na hao anakwenda kwa wale tunaowaita kausha damu, na jina hilo hakulitunga mchumi, lilitungwa na waliokaushwa. Tuseme alikuwa na pungufu ya 500,000, akaikopa kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, akairudisha yote baada ya miezi mitatu. Riba peke yake ni 300,000. Igawanye kwa miezi sita ya kodi aliyolipia: 50,000 kila mwezi. Ongeza ya dalali, nayo uigawanye kwa sita: 25,000. Kile chumba cha 150,000, kwa miezi sita ya kwanza, kimekuwa chumba cha 225,000. Na ile 50,000 ya riba mwenye nyumba hakuiona hata kwa macho.

Hapo ndipo penye jambo nililokuja kulisema. Mpangaji anayelipa miezi sita mbele amelipia nyumba mwezi mmoja. Miezi mitano iliyobaki amemkopesha mwenye nyumba, bila riba, bila dhamana, na bila hata kuitwa mkopeshaji. Kijana wetu anakopa kwa riba ili akopeshe bure.

Nawaona wenye nyumba wenzangu pale mbele mnatikisa vichwa. Subirini. Nitajiweka mimi kwanza.

Mwaka 2009 nilikuwa na boma. Kiwanja nilichonunua hapa Sinza kilikuwa na nyumba kuukuu mbele, na uani nilipandisha kuta za vyumba vitatu, nikapaua kwa mabati, nikaishiwa. Hakuna plasta, hakuna sakafu, hakuna dirisha. Nilikwenda benki. Walikuwa watu wa adabu. Walinipa kiti, wakanipa na maji. Waliniuliza hati ya kiwanja, nikawaonyesha barua ya mauziano iliyoshuhudiwa na mjumbe, maana hati ilikuwa bado kwa jina la aliyeniuzia. Tukaagana vizuri.

Wiki ileile akaja dalali na kijana mmoja fundi wa simu. Kijana akatazama kile chumba kisicho na plasta. Nikamwambia: lipa mwaka mzima, nami nitakimalizia ndani ya mwezi mmoja uhamie. Akalipa. Fedha yake ndiyo iliyopiga plasta chumba chake. Ya mpangaji wa pili iliweka madirisha ya vyumba vyote vitatu. Ya wa tatu ilichimba choo. Ninyi mnaopita pale mkiona vyumba vya mwalimu, vile vyumba vimejengwa na wapangaji watatu, na hakuna hata mmoja wao mwenye tofali pale.

Simwiti mtu mwizi, na mimi sijiiti. Nasema tu kwamba niliomba mkopo benki nikanyimwa, nikauomba kwa fundi wa simu nikapewa.

Tulifikaje hapa? Lazima turudi nyuma kidogo, na Sinza ni mahali pazuri pa kurudia, kwa sababu mtaa huu haukuota wenyewe. Ulipimwa. Katikati ya miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianzisha mradi wa viwanja vyenye huduma: Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikapimwa, Manzese ikaboreshwa palepale ilipo. Viwanja vya watu wa kipato cha chini vilikuwa na ukubwa wa kama mita za mraba 288. Fikira ilikuwa nzuri kuliko nyingi nilizozisikia baadaye: serikali isijenge nyumba, ipime ardhi, ipitishe barabara na mabomba, halafu mwananchi ajenge mwenyewe kadiri ya nguvu zake.

Na nguvu hizo zilikuwa na mahali pa kutoka. Kulikuwa na Benki ya Nyumba Tanzania, THB, iliyoanza kazi mwaka 1973. Kazi yake ilikuwa moja, kukopesha watu wajenge, na wa Sinza walikuwamo. Sitaki tuipambe marehemu. Wakopaji wengi hawakulipa, saruji ikaadimika, shilingi ikashuka thamani, na mkopo uliotosha nyumba mwaka wa kuomba ulitosha msingi mwaka wa kupewa. Mwaka 1995 THB ikafungwa.

Mimi nilipanga chumba changu cha kwanza Magomeni, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: korido katikati, vitatu kushoto, vitatu kulia, uani majiko sita na foleni ya bafu. Mama mwenye nyumba aliishi chumba cha mbele. Kila mwisho wa mwezi alitoka na kibao chake akakaa korido, nasi tukapita mmojammoja. Mwezi kwa mwezi. Ukichelewa alikuita jina lako lote pamoja na la baba yako, kwa sauti. Ilitosha. Katikati ya miaka ya 1990 nilihamia mahali nilipoombwa miezi mitatu, nikadhani ni uroho wa mtu mmoja. Nyumba iliyofuata ilikuwa sita. Ya mwisho kabla sijajenga, mwaka.

Sisemi kwamba benki ilifungwa asubuhi na jioni wenye nyumba wakaanza kudai miezi sita. Mambo hayaendi hivyo. Kulikuwa na mengine. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na kwa miaka mingi baada ya hapo mwenye akili hakutaka kuonekana amejenga sana. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kililegeza masharti hayo ya viongozi. Viongozi, wafanyabiashara, walimu, kila mwenye mshahara na mradi pembeni akaanza kupandisha kuta. Jiji likajaa watu wanaojenga, na benki ya kuwajengesha ikafa wakati uleule. Watu walikuwa na mchanga, matofali na nia, wakakosa mtaji. Aliyekuwa na fedha taslimu, tena aliye tayari kuitoa yote leo, alikuwa mmoja tu: anayetafuta pa kulala.

Tangu 2008 tuna sheria ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC ili kuzipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili hiyo. Ni hatua. Lakini hesabu ya mikopo ya namna hiyo nchi nzima bado ni ya maelfu machache, katika nchi ambayo sensa ya 2022 iliikuta na watu 61,741,120, wakiwamo 5,383,728 wa mkoa huu wa Dar es Salaam. Waliobaki wanajenga kama nilivyojenga: msingi mwaka huu, boma mwaka kesho, kupaua mkopo wa kazini ukitoka, plasta mpangaji akipatikana.

Kijana mmoja aliniambia, "Mwalimu, sheria si ipo?" Ilikuwapo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilianzisha mabaraza ya nyumba. Baraza lilikuwa na uwezo wa kutamka kodi halali ya nyumba, na mwenye nyumba hakuweza kumtoa mpangaji bila amri yake. Mwaka 2005 sheria hiyo ilifutwa. Ilipofutwa mimi nilikuwa mpangaji na sikuumia, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona mtu wa uani akienda baraza. Nilidhani ni chombo cha waliopanga majengo ya mjini. Leo nasema nilikuwa mpumbavu. Hata kama wengi hawakwenda, kulikuwa na mlango. Siku hizi mpangaji aliyeongezewa kodi kwa asilimia hamsini ana milango miwili, wa mahakama na wa kuhama, na wa kuhama uko karibu zaidi.

Tangu wakati huo hoja ya kupiga marufuku kodi ya miezi sita au mwaka imeibuka mara kadhaa, bungeni na kwenye vinywa vya viongozi. Kila inapoibuka wapangaji hupiga makofi na wenye nyumba hunyamaza, halafu mwezi unaisha na watu wanaendelea kulipana kama kawaida. Mimi siipingi hoja hiyo. Ila anayeileta anapaswa kujibu swali la bomani: nikikatazwa kuchukua ya miezi sita, plasta napiga kwa fedha gani? Ukimnyima mwenye boma mkopo wa mpangaji bila kumpa mwingine, hataacha kuuchukua. Ataandika mkataba wa mwezi mmoja na kupokea sita bila risiti. Mikataba yenyewe mnaijua: karatasi za steshenari zilizochapwa tayari, unajaza jina, kiasi na tarehe, mjumbe anagonga muhuri.

Majirani zetu wamejaribu njia nyingine. Uganda mwaka 2022 walipitisha sheria ya mwenye nyumba na mpangaji inayokataza kuongeza kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kenya bado wana sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, lakini inazihusu nyumba ambazo kodi yake halali haizidi shilingi 2,500 za kule kwa mwezi, na nyumba ya bei hiyo Nairobi leo ni ya kutafuta kwa tochi.

Lakini Nairobi ina jambo moja la kutufundisha. Binti yangu alipata kazi kule, akapanga Umoja. Akanipigia simu ana furaha: "Baba, wanataka mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja tu!" Nilidhani ametapeliwa. Nikaenda kumtembelea, nikaona. Jengo la ghorofa saba, nguo zimeanikwa kila ukuta, mwenye nyumba haishi pale na wala hajulikani sura. Kuna mlinzi-meneja wa jengo, wao wanamwita keateka, na kodi inalipwa kwa simu kabla ya tarehe tano. Mwezi kwa mwezi.

Kwa nini wao wanaweza? Si kwamba wenye nyumba wa Nairobi wana huruma. Nimewasikia wapangaji wa kule wakisimulia makufuli yaliyofungwa juu ya makufuli yao tarehe sita asubuhi, na milango iliyong'olewa mtu yuko kazini. Maoni yangu, na ni maoni tu, ni kwamba yule mwenye ghorofa saba alijenga mara moja, kwa fedha iliyokuwa tayari, ya benki au ya biashara nyingine. Benki inamdai kila mwezi, naye anadai kila mwezi. Hahitaji mpangaji amnunulie mabati. Anachohitaji ni vyumba vyote vijae na fedha itiririke. Mimi wa uani, mwenye vyumba vitatu na mchanga na kokoto mlangoni, sihitaji mtiririko, nahitaji fungu. Kalenda ya kodi inafuata kalenda ya ujenzi.

Kuna sababu ya pili ambayo wenye nyumba hatuisemi hadharani. Kudai ni kazi ya aibu. Yule mama wa Magomeni alikuwa na moyo wa kuita majina, mimi sina. Kumgongea mtu mzima mlango tarehe mbili, tarehe saba, tarehe kumi na tano, na watoto wake wanakuangalia, tena jioni mnakutana kwenye kahawa: bora nichukue ya miezi sita tusalimiane kwa amani. Wengi wetu tunauza amani hiyo, na mpangaji ndiye anayeinunua.

Nigusie umeme, kwa sababu nimeona watu wakigombana kwa ajili ya friji kuliko kwa ajili ya kodi. Mteja mdogo wa nyumbani, anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi, ana bei yake nafuu: shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato. Akizidi hapo anatoka kwenye unafuu, na bei ya kawaida ni 292. Sasa wekeni familia sita kwenye mita moja. Kila familia peke yake ingetumia uniti arobaini, hamsini. Pamoja wanavuka 75 wiki ya pili. Kwa hiyo watu sita ambao kila mmoja ni mteja mdogo wanalipa kama mteja mmoja mkubwa, kwa sababu tu wanachangia LUKU. Halafu wanaanza kuulizana nani anapiga pasi usiku. Mita ya pili ingemaliza ugomvi, lakini mita ni ya nyumba, na nyumba si yao. Gharama hii haiko kwenye bei yoyote anayotaja dalali. Wala ya maji, wala ya taka, wala ya ulinzi shirikishi, wala ya lile gari la kunyonya choo ambalo kila mwaka wenye nyumba na wapangaji tunabishana ni la nani.

Juu ya Masaki na Oysterbay, walikopanga kwa dola hadi kanuni za Machi 2025 zilipokataza bei za fedha za kigeni, sina la kusema. Waliofanya mkataba kwa dola walijua kusoma mkataba.

Na madalali? Kila mtu alitaka niwaseme madalali. Nimewahi kuibiwa na mmoja: mwaka 2003 alipokea fedha yangu ya kushikia chumba ambacho watu wengine wanne nao walishakishikia, tulikutana mlangoni Jumamosi moja, watano, kila mmoja na godoro. Lakini dalali mwaminifu ninamtetea. Mwenye boma anamtafuta mwenye fedha taslimu, mwenye fedha taslimu anatafuta chumba, na kazi ya kuwakutanisha ni ya mtu aliye barabarani siku nzima. Benki ina ofisa mikopo. Benki yetu ya uani ina dalali. Kinachokera ni kwamba ofisa huyu halipwi na anayepokea mkopo, analipwa na anayeutoa.

Nimalizie kwa chumba changu cha tatu, kile cha karibu na geti.

Mwaka 2019 alikuja muuguzi, dada mwenye mtoto mmoja. Alikaa kwenye kigoda pale uani akaniambia bila kuzunguka: "Mzee, ya miezi sita sina, na sitaki kwenda kausha damu. Nikubalie mwezi kwa mwezi, nami sitakusumbua." Sikutaka. Mke wangu, ambaye alikuwa anachambua mchele na ambaye sikujua anasikiliza, akasema, "Mwache aingie." Akaingia.

Nilinunua daftari la shule la kurasa 64 na kuandika jina lake kwenye jalada. Kila mwezi anaandika kiasi, ananisainia, namsainia. Mara mbili amechelewa: mara ya kwanza mtoto alilazwa, mara ya pili mshahara ulichelewa. Mara zote mbili alikuja kuniambia kabla sijamgongea. Ile aibu ya kudai niliyoiogopa ilimkuta yeye kwanza, akaibeba yeye.

Sasa upande wa pili wa hesabu. Mwaka huohuo nilikuwa nimepanga kupandisha chumba cha juu, juu ya vile vya uani. Nguzo zilishasimama na nondo zimechomoza. Nilitegemea fungu la chumba cha tatu linunue mbao za kumwagia zege. Fungu halikuja, ilikuja ya mwezi, na ya mwezi ilikwenda sokoni, hospitali, ada. Nikilinganisha, katika miaka hii yote dada yule amenilipa kila shilingi niliyostahili, na zile nondo bado ziko vilevile, zimeota kutu, mke wangu anaanikia kanga. Majirani huniuliza ghorofa la mwalimu litaisha lini. Wapangaji wawili wengine, wanaolipa miezi sita, hawajui kwamba wa tatu halipi hivyo. Au walikuwa hawajui mpaka jioni ya leo. Mmoja wao namwona pale karibu na mlango.

(Kicheko.)

Daftari lenyewe nimelileta, liko hapa mezani pembeni ya maji. Nimeomba ruhusa yake, na jina nimelifunika kwa karatasi. Anayetaka kulipitia apite mbele. Anayetaka kuuliza, nadhani mwenyekiti ana maikrofoni.